Prado inapandisha joto na Januari nataka kwenda Kidepo, nianze wapi?

"Fundi, niko na Prado ya 1998, dizeli ile ya 1KZ, gia otomatiki, niliinunua mwaka jana hapa Kampala. Januari tunataka kwenda hifadhi ya Kidepo kupitia Moroto, Kotido na Kaabong halafu turudi kwa njia ya Kitgum, watu watano na mizigo, siku nane. Mjini gari haina shida, lakini nikipanda mlima mrefu eesii ikiwa imewashwa mshale wa joto unasogea kidogo kupita katikati, nikizima eesii unarudi. Makanika wangu anasema nitoe thamostati na niweke maji matupu, eti kulanti ni ya nchi za baridi. Rafiki yangu naye anasema niinue gari inchi tatu, niweke snoko, lile bomba la kuvutia hewa juu, na wakati wa jua nipunguze upepo wa matairi yasipasuke. Nina milioni tatu na nusu tu. Nianze wapi?"

Kaka, anza na ule mshale. Hayo mengine yote tutayafikia lakini mshale ndio umenifanya nikae chini nikuandikie kirefu hivi, maana umeutaja kama kitu kidogo na mimi nikausoma mara mbili.

Ninavyokuelewa unaogopa mambo mawili, gari isije ikakuzimia mahali ambapo mtandao haushiki, na hela yako isije ikaishia kwa mapambo. Uko sawa kwa yote mawili. Ila ushauri uliopewa mpaka sasa, karibu wote, utakupeleka hukohuko unakokuogopa.

Geji ya joto ya Toyota za miaka hiyo ilitengenezwa isimtishe dereva. Maji yakiwa nyuzi 80 mshale uko katikati, yakipanda mpaka 95 bado uko palepale katikati umetulia kama hakuna kitu, kwa hiyo siku ukiuona umesogea upana wa kucha ujue joto lilianza kupanda kitambo na wewe ndio umepata habari mwisho. Sasa weka hapo aina ya injini yako. Hiyo 1KZ ni lita tatu, silinda nne, bloku ya chuma lakini silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Bloku inavuta kwake, hedi inavuta kwake, ikizidishwa joto mara moja mbili hedi inapinda au inapata ufa, na nyufa zenyewe zinapenda kuanzia pale katikati ya valvu mbili ambapo chuma ni chembamba. Muulize fundi yeyote wa dizeli pale soko la spea la Kisekka hedi gani za Prado zinatafutwa sana, hatasita kukujibu.

Eesii inaingiaje hapo? Ile kondensa yake, yaani rejeta ya kupozea gesi ya eesii, imekaa mbele ya rejeta ya injini. Upepo unaopoza injini unapita kwanza kwa kondensa, unachukua joto la huko, unafika kwa rejeta ukiwa umeshachoka, na wakati huohuo kompresa inaiongezea injini mzigo. Gari nzima ya mfumo mzuri inalibeba hilo bila shida. Yako inashindwa kidogo, ukizima eesii inapona, maana yake uwezo wa kupoza upo lakini akiba haipo. Na Karamoja, ukanda huo mnaokwenda, Januari ni pahali pa kutumia akiba: jua kali, joto linaweza kukaribia nyuzi 40 huko Kidepo, watu watano, mizigo, barabara ya murram inayokulazimisha mwendo mdogo kwa gia ndogo, upepo wa mbele hakuna. Kuna kitu kingine watu hawakisemi. Kidepo kuna mbung'o. Wakianza kuingia ndani ya gari mtafunga madirisha yote, na mkifunga madirisha mtawasha eesii, tena mkienda kilomita 20 kwa saa. Yaani ule mlima wako mrefu unaoupanda huku kwa dakika kumi, kule utaupanda asubuhi nzima.

Haya, thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto. Ushauri wa kuitoa uko kila karakana kuanzia Katwe mpaka Arua na unatoka kwa watu wazuri tu waliofundishwa hivyo. Wazo lao ni kwamba ile ni mlango, ukiutoa maji yanapita mengi. Lakini kwa injini nyingi za dizeli za Toyota thamostati ina kazi mbili. Ukiishika mkononi utaona juu kuna valvu kubwa, na chini kuna kisahani kidogo kimening'inia kwa springi. Injini ikiwa baridi valvu ya juu imefunga na kisahani cha chini kimeacha wazi njia ya mkato ambayo maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita rejeta. Injini ikipata moto valvu ya juu inafunguka, na kile kisahani kinashuka kinaziba njia ya mkato ili maji yote yalazimike kwenda rejeta. Ukiitoa nzima njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, maji mengi ya moto yanajizungukia zake humo ndani, yanapita mkato hayaoni rejeta. Ndio maana kuna watu wameitoa na gari ikazidi kuchemsha, wakalaumu pampu. Na kwenye tambarare asubuhi ya baridi injini haifiki joto lake, dizeli haiungui vizuri, inakula mafuta na inajisaga.

Kwa hiyo usitoe, badilisha. Weka mpya ya jenuini na gasketi yake ya raba. Zimegongwa nyuzi za joto pembeni, usichukue ya nyuzi nyingine kwa sababu ilikuwa dukani. Utaona pia kuna kitundu kidogo chenye kipini kinachotikisika, kile kinakaa juu wakati wa kufunga kwa sababu hewa inatokea hapo. Ukikifunga chini unaacha puto la hewa ndani na utafukuzana na joto ambalo halina sababu.

Kuhusu kulanti nitakuwa mkweli, makanika wako ana nusu ya haki. Maji matupu yanabeba joto vizuri kidogo kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti. Lakini kulanti sio dawa ya barafu peke yake, ina dawa ya kutu, na wewe una hedi ya aluminiamu imefungwa kwa bloku ya chuma na katikati yake kuna maji, mwaka mmoja wa maji ya kisima na ukifungua unakuta uji wa rangi ya matofali. Ule uji ndio unaoziba rejeta yako. Halafu kuna suala la kuchemka. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na maji kwa sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96, sio 100. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta, kile kinashikilia presha, na kikiwa kizima chenye alama ya 0.9 maji hayachemki mpaka yakaribie 115, na kulanti inaongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Kifuniko kilichochoka raba kinakunyima karibu nyuzi 20 za usalama, nacho ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nilivyotaja. Badilisha hicho hata kabla hujamaliza kusoma.

Nunua kulanti kwa duka unaloliamini, maana mjini kuna maji ya rangi ya kijani yanauzwa kwa madumu mazuri kabisa. Ile iliyokwishachanganywa usiongeze maji, ile nzito changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, na usichanganye rangi mbili. Kama huko njiani utakwama, maji safi ya mvua ni afadhali mara kumi kuliko ya kisima cha kupampu, kwa sababu visima vingi vina madini yanayoganda ndani.

Sasa rejeta yenyewe. Nilishawahi kuletewa Toyota Surf iliyokuwa inachemsha, mwenye gari alishabadilishiwa pampu, thamostati, hata gasketi ya hedi, kila fundi na lake. Mimi nikachukua tochi nikamulika upande wa injini kutazama mbele, mwanga haukupita. Kati ya kondensa na rejeta kulikuwa na godoro, sio utani, godoro la mbegu za nyasi, vumbi, vipepeo na nywele za ng'ombe, limeshikana na mafuta kama blanketi. Kwa mbele lilikuwa halionekani kwa sababu kondensa ilikuwa inang'aa, vijana wa woshing bei walikuwa wanaipiga kila Jumamosi. Na hapo ndio pana shida nyingine, ile mashine yao ya presha inasukuma uchafu ndani zaidi na inalaza zile mbavu nyembamba za rejeta, na mbavu ikilala upepo haupiti tena. Safisha kwa bomba la kawaida la bustani, maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na ulivyoingia uchafu. Ikibidi legeza kondensa uisogeze bila kufungua paipu zake za gesi.

Ndani ya rejeta ni habari nyingine. Omba fundi mwenye kile kibastola cha kupimia joto kwa mwanga, injini ikiwa ya moto mpitishe usoni mwa rejeta nzima. Joto lipungue polepole kutoka maji yanapoingia kwenda yanapotoka. Ukikuta kiraka katikati kimepoa ghafla, pale mirija imeziba. Rejeta ya shaba unaweza kuifungua ikachokonolewa, ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki usihangaike nayo, nunua nyingine. Tena wewe una otomatiki, na mafuta ya gia boksi yako yanapozwa na kijirejeta kilichofichwa ndani ya hiyohiyo rejeta kubwa, kwa hiyo rejeta mbovu inakupikia vitu viwili kwa sufuria moja.

Klachi ya feni nayo. Ile feni kubwa haikufungwa moja kwa moja, kuna kitu cha mviringo kina mafuta mazito ya silikoni, kikipata joto kinakaza feni, kikipoa kinaiachia. Zima injini ya moto kabisa, toa ufunguo mfukoni uwe nao, halafu izungushe feni kwa mkono. Ikigoma goma na kusimama, nzima. Ikizunguka raundi tatu nne kama pia ya mtoto, imekufa, na kwa dalili zako mimi ningeweka pesa yangu hapo au kwa rejeta.

Hivyo vyote nimevisema nikidhani hedi yako bado nzima. Hilo usilidhani, lipime kabla hujanunua kitu kingine chochote. Asubuhi gari ikiwa imelala usiku kucha, binya hosi paipu ya juu: ikiwa ngumu imevimba wakati injini ni baridi, kuna presha ya moshi inaingia kwa maji. Fungua kifuniko, washa, mtu akanyage kidogo, tazama kama kuna mapovu yanatoka bila kukoma hata baada ya hewa ya kawaida kuisha. Kuna na kichupa chenye dawa ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, ikibadilika rangi moshi umo. Kama unaongeza maji kila wiki na huoni yanakovujia, hilo nalo ni jibu. Likiwa hivyo kaka, safari ya Januari isogezwe. Najua umeshaahidi watu. Lakini hedi yenye ufa inayotoka Kampala haifiki Kaabong, na kuivuta kutoka Kaabong kutakula hiyo milioni tatu na nusu na nyingine juu yake.

Tuje kwa matairi. Rafiki yako ameshika kitu cha kweli akakigeuza juu chini. Kweli joto linapandisha presha, ila waliotengeneza tairi walishalihesabu hilo. Kinachopasua tairi kwenye lami saa nane mchana ni upungufu wa upepo, sio wingi. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja ubavuni kila mzunguko, na kile kujikunja ni kama unavyokunja waya wa chuma mara nyingi, shika pale ulipokuwa unaukunja uone joto lake. Ubavu unaiva, raba inaachana na nyuzi, na ndio unaona vipande vimelala barabarani kuanzia Luweero mpaka Karuma. Kwa hiyo lami na mzigo, weka upepo wa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, ule wa gari iliyojaa, na upime asubuhi kabla hujatembea. Mchana ukikuta umepanda psi tatu nne usiutoe. Ukikuta umepanda sana zaidi ya hapo, ulianza na upepo kidogo au umebeba kupita kiasi.

Kupunguza upepo kuna mahali pake. Baada ya Moroto mkiacha lami mkaingia ile murram yenye mawimbi, shusha kama psi sita saba na mwendo uushushe, usipite 60, gari itaacha kutetemeka na miiba na mawe yatapata tairi linalonyumbuka badala ya lililokaza. Kwenye mchanga mtupu unashuka mpaka 18 hivi na unatambaa. Ila ufanye hivyo ukiwa na pampu ndogo ya umeme ya kurudisha, ya kufunga kwenye betri yenyewe sio ile ya tundu la sigara, maana ukifika Kitgum lami inaanza na kule kukimbia na 18 ni kujitakia.

Kisha soma umri. Ubavuni kuna duara lenye tarakimu nne, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mimi tairi lililopita miaka kumi silipeleki Karamoja hata kama mauwa yake yamejaa, na likipita miaka sita nalichunguza nyufa katikati ya mauwa na ubavuni. Usisahau la spea. Kwenye Prado yako linaning'inia mlango wa nyuma na jua linalipiga mwaka mzima, watu wanabadilisha manne chini na la tano linabaki lilelile lililokuja na meli kutoka Japani. Chukua na kamba za kuzibia pancha, zile za kahawia zinazonata, na ujizoeze kuziba nyumbani mara moja. Miiba ya migunga ya kule haisubiri ujifunze.

Inchi tatu acha. Prado hiyo mbele ina mikono inayojitegemea, ukiinua hivyo shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinachanika, grisi inamwagika, vumbi linaingia. Na kuna boljointi ya chini, kile kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu, hiyo nakuomba uikague kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu kwa mfumo wa gari hizi uzito unaivuta ichomoke badala ya kuikandamiza ikae, ikichoka haikuonyi sana, siku moja inachomoka na gurudumu linalala kifudifudi. Inua gurudumu kwa jeki, weka mtaimbo chini yake, nyanyua usikilize. Ikigonga badilisha pande zote mbili, jenuini, hapa usibanie hela. Njia ya kwenda Apoka, makao makuu ya hifadhi, magari ya kawaida yaliyo mazima yanafika wakati wa kiangazi, hakuna mahali patakapokudai inchi tatu. Kinachohitajika ni shokapu zisizovuja mafuta na springi za nyuma ambazo hazijalala, kwa sababu watu watano na jerikani vitazilaza.

Snoko sina ubaya nayo. Inavuta hewa ya juu ambako vumbi ni kidogo, sio ya kuvukia mito peke yake kama watu wanavyofikiri. Ila inakuja baada ya ea klina nzima. Fungua paipu inayotoka kwa ea klina kwenda tabo (turbo), pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi la rangi ya murram, kuna mahali panavuta bila kuchuja, na hiyo injini unaisaga kama unga hata ukiweka snoko tatu. Beba filta moja ya akiba, ile iliyomo ipigepige chini jioni, ukipuliza puliza kutoka ndani kwenda nje. Na mkienda magari mawili, ambalo ningependa sana, la nyuma likae mbali na vumbi la mbele. Hiyo ni snoko ya bure.

Mengine haraka haraka. Taimingi belti ya 1KZ mimi naibadilisha kila kilomita 100,000, na kwa gari iliyonunuliwa mkononi mileji siiamini, kama huna karatasi inayoonyesha lini ilibadilishwa ibadilishe, ikikatika valvu na pistoni zinakutana. Feni belti, mafuta ya injini, filta ya dizeli na kutoa maji chini yake, mafuta ya breki, bolti zote za chini zipitiwe spana. Mawimbi ya murram yanafungua kila kitu ambacho hakikukazwa.

Kwa hela uliyonayo, mimi ningepanga hivi: kupima hedi na mfumo wa maji kwanza, halafu rejeta au klachi ya feni kulingana na majibu, pamoja na thamostati, kifuniko, hosi na kulanti. Ikibaki, boljointi na belti. Ikibaki tena, matairi mawili yale yaliyo mabaya zaidi, na pale mwisho kageji kadogo ka dijitali chenye sensa ya joto kwenye hedi na alamu, ambako kwangu mimi kanashinda snoko, winchi na taa za juu zote kwa pamoja.

Njiani, dizeli jaza Moroto, jaza tena Kaabong hata kama tanki haijafika nusu, na ubebe jerikani moja iliyofungwa imesimama. Maji ya kunywa lita tano kwa mtu kwa siku, yaani kwenu ni zaidi ya jerikani moja ya lita 20 kila siku, na hayo ndio yatakayookoa na rejeta pia. Joto likianza kupanda, zima eesii, fungua hita ya ndani mpaka mwisho na madirisha yote, ndio, na mbung'o waingie, punguza mwendo. Hita ni kirejeta kidogo. Likiendelea, simama uelekeze uso wa gari upande wa upepo, uache injini ingurume bila kukanyaga mafuta, isipokuwa unaona mvuke au maji yanamwagika, hapo zima mara moja. Kifuniko usikiguse kwa dakika 45. Na maji ya baridi usimwage kwa injini ya moto hata mtu mzima wa kijijini akikwambia ndivyo wanavyofanya, hapo ndipo hedi nyingi zinapokufa, zilikuwa zimenusurika na joto zikauawa na maji.

Ukielekea upande wa Kanangorok utakutana na mto Kidepo ambao wakati huo ni mchanga mtupu. Usiingie peke yako, na uwe na askari wa hifadhi anayejua pa kupita. Shusha upepo kabla, sio baada ya kuzama. Ile gia ya foo wili ukiiweka HL difu ya kati imefungwa, LL imefungwa na ina nguvu, kwa mchanga mzito na otomatiki tumia LL maana gia boksi ikihangaika kwa H inachemsha mafuta yake, na taa ya joto la gia ikiwaka simama. Ukitoka kwenye mchanga rudisha H. Ukivutwa, kamba ifungwe kwenye ndoano za chesisi, sio kwenye ile gololi ya kuvutia trela, ile ikichomoka inaruka kama risasi. Barabara za nyasi ndefu ukizipita, simama baada ya muda uinamie chini uone kama nyasi kavu zimejikusanya juu ya egzosti, na kizima moto kiwe mahali mkono unafika.

Mambo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi ni hedi, boljointi na breki. Hivyo vishikwe na mtu aliyesimama mbele ya gari, mwenye vifaa, na kama fundi wako anakataa kupima anataka kufungua tu, tafuta mwingine. Fanya hayo wiki nne kabla, kisha upeleke gari Mbale na kurudi siku ya jua ikiwa na watu wote watano na eesii imewashwa. Usiku ukirudi usiifungue. Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, fungua kifuniko uchungulie: maji yawe mdomoni kabisa. Yakiwa yameshuka hata kidole kimoja, niandikie tena kabla hujawaambia wenzako wafunge mizigo.